Kadi, namba ya siri au simu: ulinganisho wa mifumo ya mlango kwa jengo linaloendeshwa na wanaojitolea

Mfanyakazi akiacha kazi huwa na siku ya mwisho, na kuna mtu wa kupokea funguo zake. Anayejitolea haachi, anapungua. Wiki hii hakuja, mwezi ujao ana udhuru, na mwaka ukiisha bado anaweza kuingia jengoni saa nane za usiku ingawa hakuna anayekumbuka sura yake. Kwa hiyo sifa wanazozitaja wauzaji wa mifumo ya maofisini hazisaidii sana hapa. Cha kumuuliza muuzaji kwanza ni hiki: mtu akipotea kimyakimya, mfumo unamwondoaje, na nani anabonyeza nini? Habari ya kitasa kuhimili kilo ngapi itafuata.

Jengo linalozungumziwa ni la milango mmoja hadi mitatu, watumiaji 30 hadi 150, halina mlinzi wa kudumu wala fundi wa kuajiriwa, na kamati yake hubadilika.

## Anachoshika mtu mkononi

Namba moja ya siri kwa watu wote ni rahisi kuliko njia zote, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ikishaandikwa kwenye kundi la simu, imetoka. Kumwondoa mmoja ni kuwabadilishia wote, na kwa kuwa hiyo ni kero, haibadilishwi. Isitoshe, vitufe vyenyewe vinasema: baada ya muda vinne vinang'aa na sita vina vumbi. Mwenye nia mbaya hana haja ya kujaribu namba 10,000. Tarakimu nne tofauti zinazojulikana zinapangika kwa njia 24 tu, kazi ya dakika chache.

Kumpa kila mtu namba yake kunaondoa kero hiyo, ila piga hesabu kwanza. Tarakimu nne zikigawiwa watu 60, katika kila makisio 167 hivi kuna moja linalofungua. Tarakimu sita kwa watu haohao, ni moja katika 16,667. Basi iwe sita, na kifaa kiwe na uwezo wa kugoma kwa dakika kadhaa baada ya makosa matano. Uzuri wa namba ni kwamba haisahauliki ndani ya gari, na unaweza kumsomea mgeni wa siku moja kwa simu.

Kadi ndipo pesa nyingi zinapopotea bure, kwa sababu kwa nje zote zinafanana: plastiki nyeupe, au kile kidude cha buluu cha kuning'iniza kwenye funguo. Ndani ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Kadi za 125 kHz, kwa mfano EM4100, hazina siri yoyote. Zikikaribia kisomaji chochote zinatamka namba yao, basi. Kifaa cha mkononi cha kudurufu kinazinakili kwa sekunde chache, na nakala inaingia kwenye kidude tupu cha aina ya T5577 kinachouzwa waziwazi. Kadi za MIFARE Classic, za 13.56 MHz, zina usimbaji (kuficha data kwa ufunguo wa siri), lakini usimbaji huo ulivunjwa zamani: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionyesha namna ya kuzitoa funguo zake, na mtengenezaji alishindwa mahakamani alipotaka kuzuia kazi yao isichapishwe. Bado zinauzwa, na bado zinawekwa kwenye milango. Kundi la tatu ni MIFARE DESFire, hasa EV2 na EV3, ambapo kadi na kisomaji vinathibitishana kwa AES ya biti 128, usimbaji imara wa siku hizi, kabla ya kadi kusema lolote la maana.

Sasa mtego. Visomaji vingi vinavyotangazwa kwamba "vinasoma DESFire" vinasoma namba ya utambulisho ya kadi tu, ile ambayo kadi humtajia yeyote anayeiuliza. Umelipia kadi ya AES, lakini mlango unafunguliwa kwa namba inayoweza kuandikwa kwenye kadi nyingine tupu. Swali moja linafichua jambo hili: "Funguo za AES tunaziwekaje, na zinabaki mikononi mwa nani?" Muuzaji akikujibu kwamba hakuna haja ya kuweka funguo, hicho ni kisomaji cha namba ya utambulisho, na kwa usalama hakipishani sana na kile cha 125 kHz.

Simu kama ufunguo inavutia kwa sababu hakuna kadi ya kununua, na mtu anafutwa kutoka mbali. Ila katika kundi la watu wa kujitolea kuna mzee mwenye simu ya vitufe, kuna kijana ambaye chaji huisha saa kumi jioni, na kuna yule aliyekataa kuweka programu nyingine kwenye simu iliyojaa. Simu iwe nyongeza ya kadi, isiwe mbadala wake.

Alama za vidole nazipita haraka. Mikono ya saruji, ya bustani au ya kuosha vyombo husomeka vibaya, na sheria za nchi nyingi zinaihesabu alama ya kidole kuwa taarifa nyeti za mtu, zinazodai ulinzi ambao kamati ya watu sita haitaumudu. Kadi ikivuja unampa mtu nyingine. Kidole hakina kingine.

| Njia | Kumwondoa mtu mmoja | Inayoharibika kwanza |
|---|---|---|
| Namba moja ya wote | Kubadilisha kwa wote | Siri yenyewe |
| Namba ya kila mtu | Kufuta namba yake | Vitufe, vikinyeshewa |
| Kadi ya 125 kHz | Kufuta kadi, ila nakala hujui ziko ngapi | Imani |
| DESFire yenye funguo zenu | Kufuta kadi | Hakuna la haraka. Kadi hupotea tu |
| Simu | Kufuta akaunti, hata ukiwa mbali | Chaji ya mtumiaji |

## Kitasa: striki, sumaku au cha betri

Striki ya umeme inachukua nafasi ya lile bati la kwenye fremu ambamo ulimi wa kitasa huingia. Kitasa cha kawaida kinabaki mlangoni. Umeme unalegeza mdomo wa striki, nawe unasukuma mlango ulimi ukiwa bado umetoka. Sumaku ni kipande kizito kinachofungwa juu ya fremu na kuvuta bati lililoko mlangoni. Za kawaida hushika kilo 280 hivi, kubwa hufika 545.

Tofauti inayowahusu zaidi watu wa kujitolea ni nini kinatokea umeme ukikatika. Sumaku bila umeme haishiki chochote, na mlango unabaki wazi. Striki zipo za aina mbili, na kwa jengo hili ninayoipendekeza ni ile inayobaki imefungwa umeme ukikatika, ikiwa imeoanishwa na kitasa ambacho mkono wake wa ndani hufungua kimakanika wakati wote. Aliye ndani anatoka bila kadi, bila umeme na bila kitufe. Aliye nje anatumia ufunguo wa kawaida.

Angalia pia betri ya akiba. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 7 (7 Ah). Sumaku inakula karibu ampea 0.5 mchana na usiku, ongeza 0.15 ya kisomaji na kidhibiti (kifaa kinachoamua nani afunguliwe), jumla 0.65. Kwa karatasi hiyo ni saa 10 na ushee, lakini betri iliyokwishazeeka usiitegemee zaidi ya saa sita au saba. Striki ya kubaki imefungwa inakula umeme kwa sekunde tano tu kila inapofunguliwa, hivyo betri ileile inavuka siku nzima bila wasiwasi. Betri hizi za asidi zibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito siku ya kuifunga, maana hakuna atakayekumbuka.

Sumaku ina sharti jingine zito: kila anayetoka anategemea mfumo umwachie. Lazima kuwe na kitufe cha kutokea, na mbali na hicho, kitufe cha dharura cha kijani kinachokata waya wa umeme wa sumaku moja kwa moja, bila kupitia kidhibiti. Kitufe kinachokiomba kidhibiti kifungue hakitoshi, kwa sababu siku programu itakapoganda, ombi litaganda nayo. Kengele ya moto nayo ikate umeme huohuo. Kabla ya kununua, waulize wakaguzi wa zimamoto wa eneo lenu; mahali pengi sumaku kwenye njia ya kutokea ina masharti yake.

Kila kimoja kina ugonjwa wake. Ugonjwa wa striki ni mgandamizo: mpira wa kuzibia upepo unausukuma mlango, ulimi unabana mdomo wa striki, na striki inalia "tik" lakini haiachii. Watu huanza kuvuta mlango kwanza ndipo waguse kadi, na mgeni anaamini kadi yake imekufa. Dawa ni kusogeza striki milimita moja au mbili, au kununua ile iliyotengenezwa kuachia hata ikiwa imebanwa. Ugonjwa wa sumaku ni fundi aliyekaza bati la mlangoni mpaka mwisho. Bati lile linatakiwa licheze kidogo juu ya mpira wake ili lijilaze sawasawa usoni mwa sumaku. Likikazwa, linagusa upande mmoja tu, na zile kilo 280 zinageuka kitu kinachofunguka kwa bega.

Vitasa vya betri vinavyokaa vyote mlangoni, bila waya hata mmoja, vinafaa mlango wa ndani: stoo, chumba cha vifaa. Kwa mlango mkuu wa watu 60, betri ni kazi ambayo haina mwenyewe. Kitasa kinapiga mlio wa onyo wiki mbili, kila mmoja anadhani mwingine amesikia. Tumia alkalaini. Betri za kuchaji za volti 1.2 hukidanganya kipimo cha chaji, na za lithiamu hushikilia volti vizuri mpaka dakika ya mwisho kisha huzima bila kuaga.

## Ubongo ukae wapi

Kifaa kimoja cha ukutani, chenye vitufe, kisomaji na relei (swichi inayowasha na kuzima umeme wa kitasa) ndani ya boksi moja, ndicho cha bei ya chini na ndicho kinachonunuliwa sana. Kina kasoro mbili zisizoonekana dukani.

Ya kwanza, relei iko nje ya mlango. Mwenye bisibisi akifungua skrubu ya chini anakutana na nyaya mbili za kitasa. Kwa striki anaziunganisha, kwa sumaku anazikata, na mlango ni wake. Kama ni lazima ununue kifaa hiki, tafuta modeli ambayo relei yake inafungwa peke yake ndani ya jengo.

Ya pili inahusu kadi iliyopotea. Kwenye vifaa hivi kadi hufutwa kwa kuigusisha tena, au kwa kutaja namba ya nafasi iliyosajiliwa. Kadi haipo, na namba ya nafasi haikuandikwa. Kinachobaki ni kufuta kadi zote 60 na kuwaita watu upya, na kamati huamua kuacha tu. Kwa hiyo daftari lianze siku ya kwanza: namba ya nafasi, namba iliyochapwa kwenye kadi, jina, tarehe ya kutoa. Na badilisha namba ya msimamizi ya kiwandani siku hiyohiyo. Mara nyingi ni 123456 au 999999, na kijitabu chake kiko intanetini kwa yeyote.

Paneli, yaani kidhibiti kinachokaa ndani, ikiunganishwa na kisomaji cha nje kwa waya, inatibu kasoro zote mbili. Watu wanaonekana kwa majina, kadi iliyopotea inafutwa kwa jina, na juu ya yote paneli ina saa. Paneli yenye saa inaweza kuipa kadi tarehe ya kuisha. Kwa jengo la watu wa kujitolea sioni kipengele kinachozidi hiki. Toa kila kadi kwa miezi sita. Anayeendelea kuja anaongezewa muda, na aliyepungua anafutika mwenyewe bila kikao, bila lawama, bila mtu kuambiwa "tumekutoa". Vifaa vingi vya bei ya chini vya ukutani havina saa, na hapo ndipo vinaposhindwa hata kabla ya habari ya bisibisi.

Waya kati ya kisomaji na paneli una lugha mbili. Wiegand ni ya zamani: waya wa kijani na mweupe, kwa kawaida biti 26, ambapo 8 ni namba ya eneo (0 hadi 255), 16 ni namba ya kadi (0 hadi 65535), na 2 ni za kukagua makosa. Haina usimbaji, na anayebandua kisomaji anaweza kunasa namba na kuirudia. Tena nafasi ni finyu: paneli ikisanidiwa kupuuza namba ya eneo, kadi ya jengo jingine kabisa inaweza kufungua lenu. OSDP, lugha ya pili, inapita kwenye RS-485 (aina ya mawasiliano ya waya), inazungumza pande zote mbili, na ina njia iliyosimbwa. Mwaka 2020 ilifanywa kiwango cha kimataifa, IEC 60839-11-5. Ukiichagua, hakikisha njia hiyo iliyosimbwa imewashwa kwa ufunguo wenu, maana fundi mwenye haraka huiacha imezimwa.

Mfumo wa wingu ni paneli hiyohiyo, ila usimamizi uko kwenye seva ya kampuni. Katibu anaongeza mtu akiwa nyumbani, na tarehe za kuisha zipo. Gharama yake ni ada ya kila mwezi au mwaka isiyokoma. Uliza mambo matatu, na majibu yaandikwe: intaneti ikikatika, kadi zinaendelea kufanya kazi kwa muda gani? Ada ikichelewa, kinazimika nini? Orodha ya watu na namba za kadi inatolewa kwa faili la kawaida? Akaunti ya mmiliki isajiliwe kwa baruapepe ya jengo, si ya mwenyekiti. Mwenyekiti akihama na simu inayopokea namba za uthibitisho, jengo limehama naye.

Kujitengenezea, kwa ESP32 au Raspberry Pi (vibao vidogo vya kompyuta) na programu huria, kunafanya kazi vizuri kuliko wauzaji wanavyosema na vibaya kuliko watengenezaji wake wanavyosema. Vifaa ni vichache na mnapata kila kitu mnachotaka, tarehe za kuisha zikiwemo. Yanayoua ni madogo. Raspberry Pi ikizimwa ghafla mara kwa mara huharibu kadi yake ya kumbukumbu, kwa hiyo mfumo wa mafaili uwe wa kusoma tu. Pini za ESP32 ni za volti 3.3 huku nyaya za Wiegand zikileta 5, kwa hiyo pana haja ya kishusha volti katikati. Lakini ugonjwa mkuu ni kwamba anayeielewa ni mtu mmoja, naye pia ni wa kujitolea. Msikubali mradi huu mpaka mtu wa pili aweze kuujenga upya kuanzia kwenye kadi tupu ya kumbukumbu, akifuata maandishi tu, mtengenezaji akiwa amekaa kimya pembeni.

## Makosa mawili ya nyaya

Waya mwembamba. Kitasa kikiwa mita 30 kutoka kwenye pawasaplai, umeme unasafiri mita 60 kwenda na kurudi. Kwa jozi moja ya waya wa mtandao, ya milimita mraba 0.2 hivi, ukinzani unafika karibu omu 5, na ampea 0.5 inapoteza volti 2.6. Sumaku ya volti 12 inabaki na 9.4 na inashika kivivu. Waya wa milimita mraba 1 unapoteza nusu volti tu. Pima volti kwenye kitasa chenyewe kikiwa kinafanya kazi, si kwenye pawasaplai.

Daiodi iliyosahaulika, kile kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili ya striki ikikatiwa umeme hurusha mkupuo wa umeme unaogandisha kisomaji, na polepole unaunguza ncha za relei mpaka zinashikana. Hapo mlango unabaki wazi. Weka daiodi ya 1N4007 kwenye koili ya striki ya umeme wa DC, upande wenye mstari ukielekea chanya. Kwenye sumaku usiibandike bila kusoma kijitabu: nyingi zina kinga yao ndani, na daiodi huzichelewesha kuachia.

## Ninachochagua

Mlango mmoja, watu chini ya 30 wanaofahamiana: kifaa cha ukutani chenye relei ya ndani, namba ya tarakimu sita kwa kila mtu, na daftari. Zaidi ya hapo: paneli ya ndani, kadi za DESFire zenye funguo zenu, striki inayobaki imefungwa, kadi za miezi sita, na namba za muda kwa wageni kama paneli inaziruhusu. Wingu nalichagua tu kama hakuna anayekaa karibu na jengo, na ada iwe imo kwenye bajeti tayari. Kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi zifutwe zenyewe baada ya siku 30, na zifunguliwe na watu wawili kwa pamoja, la sivyo zitageuka daftari la mahudhurio na watu wataanza kuingilia dirishani.

Siku ya kukabidhiwa, kabla ya malipo ya mwisho, fanyeni haya mbele ya fundi. Zimeni umeme mkuu kwa saa moja, ingieni kwa kadi, tokeni kwa mkono. Chomoeni na betri, mtoke tena, kisha mwingie kwa ufunguo wa kawaida. Chomoeni intaneti, mjaribu kadi tano. Halafu mpeni kadi mtu mmoja aifiche mfukoni, na asiyekuwepo wakati wa mafunzo aifute kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa boksi la paneli. Akizidi dakika kumi, karatasi iandikwe upya kabla fundi hajaondoka.